Binti wa maabara anajua, ila kikaoni haongei

MbuWaKilombero: Wakuu, heshima kwenu. Nina mwaka wa pili tangu nimalize PhD, natafiti mbu wa malaria. Nimepewa wanafunzi wanne wa mafunzo kwa vitendo, binti ni mmoja tu, katokea Nanyumbu. Juzi tunachambua mbu kwenye darubini, wenzake wameandika Anofelesi, yaani mbu wa malaria. Yeye kaona vipapasio vifupi kando ya mrija wa kunyonyea, akajua ni Kuleksi jike, mbu wa jamii nyingine. Anofelesi jike vyake hukaribia urefu wa mrija wenyewe. Kaninong'oneza wenzake walipoenda kunywa chai. Ijumaa kikaoni, kwa Kiingereza, kimya kabisa. Nimsaidieje bila kumwaibisha?

Mama Pipeti: Mdogo wangu, rekebisha kikao, binti muache alivyo. Slaidi ziwe za Kiingereza, mjadala Kiswahili. Halafu angalia nani anaosha vyombo. Mimi mwaka mzima nilikuwa wa chai na kuosha, pipeti, kile kifaa cha kupimia majimaji, naishika wenyewe wakishaondoka.

Kaka wa Moro: Hilo la vyombo! Pia mwonyeshe OWSD, ile jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, iliyoanzishwa 1987, makao yake Trieste, Italia. Wamekuwa wakifadhili PhD. Asisubiri amalize ndipo asikie.

MbuWaKilombero: Asante dada. Nimefungua daftari la zamu: siku kumi, tisa kaosha yeye. Na zamu nilipanga mimi mwenyewe. Jumatatu naanza mimi kuosha, na utambuzi wa mbu atawafundisha yeye, kwa Kiswahili.

Mama Pipeti: Osha kweli, usipige picha.