Nimeweka handaki kwenye seva ya nyumbani, sasa roboti zinabisha hodi. Naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu habari. Nina seva ndogo nyumbani, ina Immich, programu ya kuhifadhi picha za familia. Kufungua poti (mlango wa kuingilia seva kutoka nje) kwenye ruta kulishindikana: anwani niliyopewa inaanzia 100.72, yaani sina IP ya umma, tunachangia na wateja wengine. Nikaweka handaki la Cloudflare (wageni wanapitia kwenye mitambo ya kampuni hiyo hadi kwenye seva yangu), nikalielekeza poti 2283 ya Immich, nikaiweka Immich moja kwa moja kwenye kikoa (jina la tovuti) nilichonunua juzi. Ikakubali hapo hapo. Kesho yake nafungua logi (kumbukumbu za seva) nakuta maombi ya /wp-login.php, ukurasa wa kuingia WordPress, mara /.env, faili la siri za programu, usiku kucha. WordPress sina! Na jina la kikoa analijua mke wangu tu. Nimezima kwanza, picha za watoto ziko humo.

Mchangiaji 1: Pole mkuu. Hao ni roboti, programu zinazojiendesha mtandaoni, hawakukulenga wewe. Kikoa kikitolewa cheti cha TLS (cha usimbaji wa tovuti), jina lake huandikwa kwenye daftari za wazi, na roboti zinazisoma muda wote. Handaki linaficha IP yako, na poti hufungui kwa sababu seva ndiyo inayoanzisha muunganisho kutoka ndani. Lakini mwenye kujua kikoa anafika hadi ukurasa wa kuingia wa Immich. Kuanzia hapo unategemea nywila yako na Immich isiwe na tundu. Weka Cloudflare Access mbele: mtu aandike barua pepe uliyoiruhusu, atumiwe msimbo, ndipo aione Immich. Roboti zitaishia nje.

Mchangiaji 2: Sawa, ila programu ya simu ya Immich itakwama kwenye huo ukurasa usipoiwekea tokeni (ufunguo wa siri wa kupitishwa). Na kifurushi cha bure kinakataa faili linalozidi MB 100 kwa ombi moja, video ndefu hazitapanda. Kingine kinachonikera mimi: usimbaji unafunguliwa kwenye mitambo ya Cloudflare kabla ya kufika kwako. Kwa picha za watoto nisingekubali. Kama ni nyinyi wawili tu, kikoa cha nini? Weka Tailscale, mtandao binafsi wa vifaa vyenu, kwenye seva na simu zenu. Inatumia usimbaji wa WireGuard, funguo zinabaki kwenye vifaa vyenu, na hiyo IP ya kuchangia haiisumbui.

Mleta uzi: Na bibi yao? Hawezi kusakinisha kitu, anafungua viungo tu.

Mchangiaji 1: Bibi mpe albamu yake kwenye kijikoa kilicho nyuma ya Access, zile picha chache tu. Na cloudflared, programu inayoendesha handaki kwenye seva, iendeshe kwenye kontena (sehemu iliyotengwa) lenye mtandao wake, na uizuie isifike kwenye mipangilio ya ruta wala vifaa vingine vya nyumbani.

Mchangiaji 2: Mkuu, ile picha ya skrini uliyotuma kule kwenye uzi wa usakinishaji, amri ya cloudflared inaonekana nzima, tokeni ikiwemo. Mwenye nayo anaweza kuunganisha mashine yake kwenye handaki lako.

Mleta uzi: Duh! Nimefuta handaki lote sasa hivi, na picha nimeiondoa. Tailscale iko kwenye simu zote mbili na picha zinapanda. Handaki la bibi nalianza upya kesho, na tokeni mpya.