Balbu mpya inawaka, lakini mwanga unapiga kwenye miti

Muuguzi_Njoro

Hamjambo wote. Naomba mtu anayezijua taa za gari anisaidie, na tafadhali msinijibu tu nipeleke kwa fundi. Kwa fundi nilianzia huko.

Nina Probox. Natoka Njoro saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Nakuru mjini. Saa hizo kuna watu wa maziwa barabarani, wa pikipiki na wa baiskeli, na wengine hawana hata taa ya nyuma. Wiki jana dimu ya kulia, yaani mwanga wa chini, ilikufa. Nikiweka fulu, yaani mwanga wa mbali, taa zote mbili zinawaka. Nikirudisha dimu, kulia giza. Fundi alitazama kwa dakika moja akasema waya zimeungua, nimwachie gari siku mbili na 6,000. Siku mbili bila gari siwezi. Nikanunua balbu ya H4 nikarudi nayo nyumbani.

Kuitoa ya zamani hakukunisumbua. Nilizima kila kitu, nikachomoa soketi, nikavua ule mpira mweusi, nikabonyeza springi ikafunguka. Kurudisha ndiko kulikonitoa jasho. Mkono haupiti, macho hayaoni, nikashika kila mahali pamoja na kioo cha balbu. Mwishowe nilisukuma springi kwa nguvu ikafunga. Dimu ikawaka, nikashukuru Mungu.

Jana alfajiri ndipo nikaona ajabu. Mwanga wa kulia uko juu kwenye matawi ya mikaratusi, lami siioni, na kila gari linalokuja linanipigia fulu. Je, nimeharibu taa? Au ni kweli waya zina shida?

FundiUmeme_Kondele

Pole dada, na hongera kwa kuthubutu. Waya zako ni nzima. H4 ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa fulu wati 60, wa dimu wati 55. Wa dimu ukikatika, wa fulu unaendelea kuwaka kama kawaida, na ndicho ulichokiona. Kama waya wa dimu ungekuwa umeungua, hata balbu mpya isingewaka. Aliyekutajia 6,000 hakupima chochote, na hilo linaniuma kwa sababu kipimo chenyewe ni kazi ya dakika mbili.

Shida yako ni kwamba balbu imekaa upande. Kama hujaitupa ile ya zamani, ishike mkononi uitazame vizuri. Kwenye duara lake la chuma kuna masikio matatu, na moja ni pana kuliko wenzake. Hilo pana linakaa juu kabisa. Hayo mengine yanakaa chini, kushoto na kulia. Sasa chungulia ndani ya kioo. Chini ya uzi wa mbele utaona kipande cha chuma kilichopinda kama kijiko. Huo ndio uzi wa dimu. Kijiko kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya lile bakuli linalong'aa nyuma ya taa, maana mwanga unaogonga chini ya bakuli ndio unaorushwa juu. Balbu ikiinama kidogo tu, kijiko kinageukia pembeni, mwanga unapita chini yake na kupanda kwenye mikaratusi yako.

Springi isikudanganye. Inaweza kufunga hata balbu ikiwa haijakaa. Toa yote uanze upya mchana. Weka balbu bila springi, izungushe polepole huku na huku mpaka uhisi imezama. Ikishazama haizunguki tena, na duara linalala sawasawa bila pengo. Hapo springi itafungika kwa kidole kimoja. Ukiona inataka nguvu, acha, balbu haijaingia. Kama huoni nyuma ya taa, penyeza simu upige video kisha utazame.

Ule mpira una neno TOP, nalo likae juu. Ukandamize pembeni pote, la sivyo mvua ikinyesha taa itatokwa jasho kwa ndani.

Na kuhusu kioo ulichokishika: balbu ya halojeni kama hii yako inapata joto la mamia ya digrii, na palipo na mafuta ya vidole kioo kinaungua kuliko kwingine. Balbu inakufa mapema. Wewe una bahati, kazini kwenu kuna pamba za spiriti na glavu. Iache ipoe kabisa, ifute, ikauke, halafu uishike sehemu ya chuma tu. Glavu zisiwe na unga.

Jirani_wa_Kibuye

Nyongeza ndogo: ukichomoa soketi usivute waya. Shika soketi yenyewe, itikise kidogo kidogo huku ukiivuta. Mimi niliwahi kung'oa waya hivyo.

Dereva_Mstaafu

Mwanangu, nimeendesha lori Mombasa hadi Malaba miaka 22, kwa hiyo nisikilize kwa mambo mawili.

Usinunue balbu za 100 kwa 90 ati uone mbali. Waya na soketi ya gari lako zilitengenezewa 60 kwa 55. Nimetoa soketi iliyoyeyuka ikashikana na miguu ya balbu mpaka tukaikata kwa msumeno. Hizo za LED zinazochomekwa kwenye taa ya halojeni nazo mara nyingi zinatawanya mwanga ovyo, na anayekuja haoni kitu. Pale Timboroa ukungu ukishuka ndipo utajua: hata fulu ya kawaida inakurudia usoni, lazima utembee na dimu.

La pili, hakikisha ukutani kabla ya kuingia barabarani. Egesha mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani. Piga chaki ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu ushuke chini ya chaki kama sentimita 5, na kwa kushoto upande kidogo kufuata kando ya barabara. Kulia ubaki chini, maana ndiko wenzako wanakotokea. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kupandisha na kushusha, lakini usiiguse kabla balbu haijakaa sawa. Ukiigusa sasa utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Na balbu ya taa ya pili ubadilishe pia. Zimezeeka pamoja.

Muuguzi_Njoro

Nimerudi. Nimefungua leo saa nane mchana, jua likiwa kali. Sikio pana lilikuwa limegeukia pembeni na sikio moja la chini limekalia ukingo, halijaingia kwenye nafasi yake. Kaka wa Kondele, nimeona kijiko! Nimefuta kioo kwa spiriti mara mbili, nimezungusha polepole, na ikatulia kama sufuria kwenye mafiga. Springi imefungika bila kulazimishwa.

Mzee, saa moja usiku nimepiga chaki kwenye ukuta wa jikoni. Mwanga umeshuka chini ya mstari vidole vitatu hivi, pande zote mbili zinalingana, skrubu sijaigusa. Asanteni sana, mmenisaidia kuliko mnavyojua. Kesho alfajiri nitawaona watu wa maziwa. Balbu ya taa ya pili, ya upande wa betri, nitaibadilisha Jumamosi, na ile ya zamani nimeiweka kwenye droo nimwonyeshe mdogo wangu lile sikio pana.