Naomba ushauri: picha za mifupa za Jumatatu mchana, tumbo na thairoidi vinawaka

Wakuu, habari za kazi. Tupo Dodoma, jenereta ya teknesiamu (chombo tunachokitoa dawa ya mionzi ya kupigia picha) hupokelewa Dar es Salaam kisha inaletwa kwa barabara, hivyo kila mkamuo, yaani kila tunapoitoa teknesiamu humo, tunauhesabu.

Jumatatu wagonjwa wa asubuhi wanatoka safi. Wanaochomwa baada ya saa saba mchana, tumbo la chakula, thairoidi na tezi za mate vinawaka. Hiyo ni pertekineteti huru, yaani teknesiamu isiyoshikana na dawa ya mifupa, sina shaka. Dozi ni MBq 740 (kipimo cha mionzi), picha saa 3 baada ya kuchomwa, maji wanakunywa.

Jenereta inakaa tangu Ijumaa bila kukamuliwa, kama saa 72, kwa hiyo mkamuo wa kwanza unabeba teknesiamu-99 nyingi, ile isiyoonekana na kamera lakini inakula bati ndani ya chupa ya MDP (dawa ya mifupa; bati ndilo linaloifanya teknesiamu ishikane nayo) sawa na ile inayoonekana. Bati likibaki kidogo, hewa inayoingia kila tunapovuta dozi inalimaliza. (Kuna wanaosukuma hewa ndani ili dawa itoke upesi. Acheni.) Kromatografia (kipimo cha teknesiamu iliyoshikana na dawa) ya asubuhi inatoa zaidi ya asilimia 95, ila mchana hairudiwi, na nadhani hapo ndipo tunapojidanganya.

Je, mnamwaga mkamuo wa kwanza na kusubiri muda wa saa 6 upate karibu nusu ya teknesiamu? Au mtu anaingia kukamua Jumapili jioni? Kutengeneza chupa ya pili ya MDP mchana kunawezekana, lakini chupa zenyewe hazitoshi. Mliopo vituo vya mbali na bandari mnafanyaje?