Kijitabu cha mahafali kurasa 22: nitumie Publisher, Photoshop au nini?

mwl_wa_sanaa
Wakuu habari za jioni. Mkuu wa shule kanikabidhi kijitabu cha mahafali ya form four, eti kwa vile nafundisha sanaa basi na dizaini naijua 😂. Kuna hotuba, ratiba, majina na picha za wahitimu, matangazo mawili matatu ya wafadhili, jumla kurasa 22 saizi A5, kinachapwa kwa rangi. Cha mwaka jana kilipangwa kwenye Word, kilivyofunguliwa kwa mchapaji picha zote zikahama zikapandiana. Laptop yangu RAM 4 GB. Mmoja ananiambia Publisher, mwingine Photoshop, mwingine Canva. Na misingi yenyewe ya kupanga ukurasa naanzia wapi? Nielezeni kama mtoto wa darasa la pili.

fundi_karatasi
Mwalimu, kwanza kabisa 22 haipo. Kijitabu cha kupigwa pini katikati kinaenda kwa nne nne, karatasi moja ya A4 ukiikunja ndo unapata kurasa nne za A5. Kwa hiyo ni 20 au 24, kava imo humo humo. Ukienda na 24 zile mbili za ziada moja uza tangazo, nyingine waachie wahitimu waandikiane sahihi, wanapenda sana hiyo. Halafu karatasi ya nje kabisa upande mmoja inabeba ukurasa wa 24 na wa 1, ukigeuza unakuta 2 na 23, ila usije ukaanza kuzipanga hivyo wewe, hiyo ni kazi ya mchapaji, wewe mpe PDF yenye kurasa moja moja kwa mfuatano wa kawaida.

Programu: Photoshop ni ya kushughulikia picha, ukipanga humo kurasa 24 zenye maneno kila ukurasa faili lake utalia, na hotuba ikiongezwa aya moja unasukuma maneno kwa mkono mpaka mwisho. Publisher Microsoft walishatangaza wanaiacha Oktoba 2026, sioni sababu ya kujifunza leo kitu kinachofungwa. Chukua Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni bure toka 2003, Windows inakubali, Linux inakubali, na RAM yako itavumilia. InDesign ni nzuri kuliko zote ila unalipia, na za krak siku hizi zinakuja na virusi bure.

Nai_dizaina
Kwani Canva iko na shida gani jamani? Mwalimu ana wiki chache tu, mnampeleka Scribus ya nini? Canva ina bliidi (rangi kupitiliza ukingo), ina krop maki (alama za kukatia), unadownload PDF unapeleka. Hiyo Scribus sura yake ni ya kale na ukibonyeza vibaya unatafuta menyu siku nzima.

fundi_karatasi
@Nai_dizaina sijaikataa, kadi na posta mimi mwenyewe nafanyia huko. Ila CMYK, yaani rangi za wino nne za mashine (samawati, majenta, njano na nyeusi), mpaka ulipie, na hotuba ya kurasa tatu kwenye Canva kila boksi la maneno linajitegemea, ukifuta sentensi ukurasa wa 4 ule wa 5 hauna habari. Kwenye Scribus unaunganisha maboksi, maneno yanatiririka yenyewe. Namba za kurasa unaweka mara moja tu kwenye Masta Peji, ule ukurasa wa mfano, zinatokea kote.

mama_Zuu
Mie niko upande wa mashine, naongezea yanayotusumbua kila msimu wa mahafali. Rangi au picha inayofika ukingoni ipitilize milimita 3 kila upande, yaani A5 yako ya 148 kwa 210 kava yake inakuwa 154 kwa 216, bila hivyo gilotini ikiteleza kidogo unaona kijistari cheupe pembeni. Maneno nayo yakae ndani angalau milimita 10 kutoka ukingoni, na upande wa pini ongeza kidogo, la sivyo msomaji anapanua kitabu kwa nguvu mpaka pini zinang'oka.

Maneno meusi yawe meusi ya K 100 peke yake, yaani wino mweusi asilimia 100, C M Y zote sifuri. Mkiacha nyeusi ya RGB, yaani rangi za skrini, inageuzwa kuwa mchanganyiko wa wino nne, mashine ikipishana kidogo tu herufi ndogo zinakuwa na kivuli cha pinki, halafu lawama ni yetu. Na fonti ziingizwe ndani ya PDF, usituletee faili la Word ukasema "mtarekebisha".

mwl_wa_sanaa
Aisee asanteni mno. Na picha? Wazazi wamenitumia zote kwa WhatsApp, nimeambiwa hazifai kabisa.

mama_Zuu
Aliyekwambia amekurupuka, inategemea unaichapa kubwa kiasi gani dada/kaka. Tunataka pikseli 300 kwa inchi. Picha ya sura ya sentimita 3 inahitaji kama pikseli 354 tu, ya WhatsApp yenye 1600 inatosha na chenji inabaki. Kava nzima ndo inataka kama 1800 kwa 2550, hiyo omba uletewe kwa email au itumwe WhatsApp kama dokyumenti. Usiivute ndogo iwe kubwa, pikseli haziongezeki kwa kuvutwa.

Kihonda_boy
Misingi aliyouliza hamjamjibu. Mwl, fonti mbili zinatosha, moja ya vichwa moja ya maneno, saizi 10 au 11 na nafasi ya mistari pointi 13 hivi. Gawa ukurasa safu sawa kabla hujaweka chochote, picha za wahitimu zote saizi moja na vichwa vyao viwe usawa mmoja, kata picha ibaki kuanzia mabegani kwenda juu. Na usijaze kila sehemu maua, acha peupe papumue. Majina mpe mwalimu wa darasa ayahakiki kwenye karatasi iliyochapwa, sio kwenye skrini.

mwl_wa_sanaa
@mama_Zuu ni dada huyu 😂. Scribus inashuka sasa hivi, bando likiruhusu. Nikishapanga ukurasa wa majina naurusha hapa muupondee kabla mkuu hajauona.