MREJESHO: K (ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa) ya bamba lenye ufa, 29.2 au 25.07?

Wakuu, niliuliza kwa nini bamba jembamba la upana W wa mm 100, ufa wa katikati mm 40 (a ni nusu yake, 20), mkazo σ wa MPa 100, linatoa K ya 29.2 MPa√m kwenye programu ya kompyuta inayogawa bamba katika vipande vidogo (FEM), huku fomula σ√(πa) ikitoa 25.07. Makosa ni mawili. Kwanza, fomula ile ni ya bamba lenye upana usio na mwisho. Zidisha kwa √sec(πa/W), yaani 1.112, upate 27.87. Pili, asilimia 4.8 iliyobaki ilitoka kwenye kugeuza J (nishati inayoachiliwa ufa unapokua, ambayo programu huikokotoa) kuwa K: niliweka E/(1−ν²), E ikiwa moduli ya Young ya nyenzo na ν uwiano wa Poisson, 0.3, ambayo ni ya kipande kinene. Bamba jembamba linataka E tupu. Pia, nodi za kati (pointi za katikati ya pande za vipande) kwenye ncha ya ufa zisogezwe hadi robo ya upande kutoka kwenye ncha, la sivyo mkazo wa umbo la 1/√r (r ni umbali kutoka kwenye ncha) haupatikani. J ya pete ya kwanza ya vipande inayozunguka ncha itupeni tu.