Nyumba ya Karen Blixen na watoto: tupange vipi siku?

Mama Pendo: Habari zenu. Jumamosi tunataka kuwapeleka watoto wa miaka 5 na 9, pamoja na mama mkwe anayetembelea mkongojo, kuona nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa hapa; sasa ni jumba la makumbusho (museum). Tunatoka katikati ya Nairobi bila gari. Itatosha siku nzima? Ndovu yatima wadogo wanaolelewa kituo cha Sheldrick tuwaone kabla au baadaye?

Mzee wa Ngong Road: Dada, Sheldrick kwanza. Umma huruhusiwa saa 5 hadi saa 6 mchana tu, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Ukianza na nyumba, utawakosa. Jumba lenyewe halina ghorofa, vyumba vichache. Pamoja na mwongozaji ni kama dakika 40. Siku nzima hapo watoto watakuchosha. Matatu namba 24 inapita Karen Road. Mwambie kondakta akushushe museum. Lakini kutoka Sheldrick kwenda museum, kwa ajili ya mama, chukueni teksi.

Kahawa Chungu: Malipo ya museum ni kwa eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Bei hutofautiana: raia, mkazi wa Afrika Mashariki, mgeni. Mama kama ni Mtanzania abebe kitambulisho, la sivyo mtabishana getini bure.

Mtoto wa miaka 9 mwonyesheni mitambo ya zamani ya kahawa huko nje, ndiyo inayoeleza habari yote. Nyumba ilijengwa 1912, Blixen akaishi humo 1917 hadi 1931. Shamba lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, lakini kwenye mwinuko mkubwa mno kwa kahawa: baridi, mvua haba. Kiwanda kikaungua 1923, deni likazidi, shamba likauzwa. Mwongozaji akikazania mapenzi ya Blixen na filamu ya Out of Africa, muulizeni kuhusu Wakikuyu waliolima hapo kama maskwota, yaani walioishi shambani kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Hilo husahaulika sana.

Mama Pendo: Asanteni. Na mkongojo?

Mzee wa Ngong Road: Kuna ngazi chache za kuingilia, na sakafu ya mbao huteleza. Mama aingie mwishoni mwa kundi, asisukumwe. Akichoka, akae bustanini. Vilele vya Ngong vinaonekana kukiwa hakuna mawingu. Kama ni Julai, sweta kwa kila mtu, na msiwaahidi watoto milima.

Kahawa Chungu: Na mtoke kabla ya saa 10. Lang'ata Road jioni ya Jumamosi haina huruma.