Nahama Ngamiani kwenda Kange Jumamosi hii, naombeni mbinu nisivunje vitu wala nisichanganyikiwe

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi), Jumatatu usiku
Salaam wana jamvi. Nipo Tanga mjini, nina mke na watoto wawili. Nyumba tunayokaa ni ya zamani, kwenye barabara za namba huku Ngamiani, na tunatakiwa tuwe tumetoka kabla mwezi haujaisha. Nimepata ya kupanga Kange, vyumba vitatu, choo ndani, kodi ya miezi sita nimeshalipa. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nimeshaongea nayo, Jumamosi asubuhi.

Tatizo sijawahi kuhama. Nimezaliwa humu humu. Nikitazama vitu vilivyojaa sijui nianzie wapi, na usiku silali. Friji linabebwaje? Kabati la vyombo lenye vioo je? Kipi kitangulie kutoka? Nataka kazi yote iishe siku moja, alasiri isinikute bado napanga, maana kuna mtu mzima atafika jioni na nataka akute kila kitu mahali pake.

Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kirikuu Nyeupe
Mkuu, hii ndiyo kazi inayonilisha. Friji lizime tangu usiku wa kuamkia safari, barafu iyeyuke, lifute, mlango ufunge kwa kamba. Lisafiri wima. Likifika usiliwashe hapo hapo, hasa kama lililala njiani. Liache limesimama saa kadhaa, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Wengi wanaua friji kwa haraka ya maji baridi.

Vioo vya kabati vitoe, kila kimoja kwenye blanketi lake, visafiri vimesimama. Ukikilaza, shimo moja tu limetosha. Vizito vikae nyuma ya kichwa cha gari, magodoro yawe mto katikati. Mtungi wa gesi toa regulata na usimamishe. Na hakikisha hiyo kirikuu ina turubai, mwezi huu wa nne mvua haipigi hodi. Bei uliza mapema kama ni ya gari peke yake au pamoja na wabebaji, na ni safari moja au ngapi. Watu wanagombania hapo vitu vikiwa tayari mlangoni.

Mdigo wa Duga
Kange? Ndugu yangu umeacha Mikanjuni, umeacha Nguvumali, umekwenda kukaa na honi za mabasi ya stendi. Kodi umeambiwa ngapi huko? Sisi Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini si kwenda kulala stendi.

Binti Makorora
Jibuni alichouliza jamani. Kaka, anza leo na visivyotumika: vyombo vya wageni, nguo za sikukuu, vitabu. Usinunue maboksi, tumia ndoo, masufuria na viroba. Sahani zifunge na kanga, zisimame kwa ubavu. Kila kiroba andika chumba kinachokwenda, siyo kilichotoka. Skrubu za kitanda tia kwenye mfuko, mfuko uufunge kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Nyaya za nyuma ya televisheni zipige picha kabla hujazichomoa.

Halafu kuna begi la usiku wa kwanza. Halipandi gari, linakwenda na mama watoto: chandarua, dawa, chaja, mswaki, sufuria moja, mchele, kiberiti, sare za shule. Mkifika mmechoka hakuna atakayefungua viroba ishirini kutafuta mswaki.

Mama Pacha
Hilo la begi ni kweli tupu. Mimi 2016 nilihama Muheza nikaja Tanga, vyeti vyangu vyote nilikuwa naweka chini ya godoro kama nilivyofundishwa na bibi. Vijana wakabeba godoro. Tumefika, godoro lipo, bahasha haipo. Nilirudi Muheza na pikipiki usiku, nikaikuta uani, kuku amelalia. Cheti cha kidato cha nne kina doa mpaka leo. Vyeti, kadi za kliniki, vitambulisho, mkataba wa nyumba: shika wewe mwenyewe, usimpe mtu.

Fundi Umeme Chumbageni
Kabla ya kuingia piga picha mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, namba na uniti zilizobaki. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo nyumba ikikaa tupu miezi kadhaa bila kununuliwa umeme, wewe utakayenunua mwanzo unaweza kukuta pesa yako imeliwa na malimbikizo. Mwulize mwenye nyumba nani anayabeba. Na bili ya maji iombe ya mwisho uione kwa macho, deni la aliyetoka lisikukate maji wewe. Nenda alfajiri fungua bomba, halafu rudi jioni ufungue tena.

Shangazi wa Raskazone
Mwanangu, huyo mtu mzima ni nani? Watu wote humu wanakujibu friji na mimi nasoma sentensi yako ya mwisho. Mbona hayupo kwenye hesabu ya nyumba, mke na watoto wawili?

Mwana wa Ngamiani
Shikamoo shangazi. Ni mama. Anakaa na sisi. Ijumaa anakwenda Pangani kwa mdogo wake, anarudi Jumamosi jioni. Ameshazeeka, nimeona asisumbuliwe na mizigo.
Binti Makorora na Kirikuu, asanteni sana, nimeandika yote.

Shangazi wa Raskazone
Marahaba. Anajua kama akirudi harudi Ngamiani?

Shangazi wa Raskazone, baada ya saa mbili
Mwanangu nipo, nasubiri.

Mwana wa Ngamiani, Jumanne alfajiri
Hajui.

Nitaeleza yote. Mama haoni. Ilianza na presha ya macho, tulichelewa kuipeleka hospitali, mwaka wa tano huu ni giza. Lakini ndani ya nyumba hii hashikwi mkono. Kutoka kitandani hadi chooni uani ni hatua kumi na nne, anazijua. Anachota maji kwenye pipa mwenyewe, anajua kizingiti gani kimebonyea. Mgeni akimwona anadhani anaona.

Nyumba ni ya marehemu mumewe, na watoto wa marehemu kwa mke mwingine wameiuza. Mama ana presha ya kupanda, daktari alisema tusimpe mshtuko. Nikaona nikimwambia wiki mbili kabla atateseka wiki mbili. Akirudi akakuta kitanda chake, kasha lake, redio yake, atashtuka mara moja, basi. Kodi nimelipa, gari nimelipa kishika nafasi. Jamani sina namna nyingine, ndiyo maana niliuliza friji.

Ustadhi wa Mabawa
Kumdanganya mzazi ni jambo zito. Hata akiwa haoni, moyo wake unaona. Rudi nyuma, omba radhi, kisha hama.

Mtumba Mzuri
Siti ya mbele, nimekuja na kahawa na kashata.

Nahodha wa Nchi Kavu
Weka kahawa chini ndugu, hapa pana mtu.

Mleta uzi, baba yangu alipoteza macho akiwa na miaka sitini, na tulimhamisha kwa mtindo wako huo huo. Tulimchukua hospitali tukampeleka nyumba mpya, tukasema atazoea. Usiku wa kwanza aliamka kwenda chooni kwa hesabu za nyumba ya zamani. Kule alikuwa anakata kushoto. Huku kushoto palikuwa na ngazi tatu za jikoni. Alivunjika nyonga. Hakutembea tena vizuri mpaka anaondoka duniani.

Wewe unaona unamhamishia kitanda na kasha. Kinachomtembeza mama ni zile hatua kumi na nne, na hizo haziingii kwenye kirikuu. Inabidi azipate mpya, na azipate yeye mwenyewe, kwa mkono wake na mguu wake, kabla ya usiku wa kwanza.

Sasa sikiliza, haya tuliyajua tumechelewa. Mpeleke nyumba ikiwa tupu, mchana, bila kelele za watoto. Aanzie mlango mkubwa, ashike ukuta mmoja azunguke nao mpaka arudi alipoanza. Usimvute, yeye ashike mkono wako juu ya kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Vizingiti vyote avikanyage. Kitanda chake kielekee vile vile kama kule, mlango uwe upande ule ule wa mkono. Redio iwe pale pale kichwani, sauti inamwonyesha chumba kilipo. Fungeni kamba kutoka kitandani hadi mlango wa choo, usawa wa kiuno, wiki mbili tatu za mwanzo. Milango ama ifunguliwe mpaka ukutani ama ifungwe kabisa, mlango wa nusu ndio unaopasua uso. Na viroba vyenu visikae njiani hata dakika moja. Chupa ya chai na jiko vipewe mahali, visihamishwe.

Na kasha lake alipange yeye. Msilifungue.

Hakimu wa Kijiweni
Mimi nimebaki kwenye neno "wameiuza". Mjane ana fungu. Kama marehemu ameacha watoto, mkewe ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, baada ya madeni na wasia. Msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama ya mwanzo ipi? Kwenye orodha ya mali na mgawanyo aliyoipeleka mahakamani, mama kaandikiwa nini? Mnakimbilia Kange wakati mngeanzia mahakamani.

Mwana wa Ngamiani
Mwaka jana walikuja na karatasi wakamwekesha dole gumba. Wakasema ni za mirathi tu. Sikuwepo, nilikuwa kazini. Hajapewa hata senti.

Hakimu wa Kijiweni
Na wewe umekaa kimya mwaka mzima?

Mwanamtama
Subirini kidogo kabla hamjalia. Mimi nina kumbukumbu. Mwaka juzi jina hili hili lilileta uzi wa kuuliza basi la usiku la Handeni, akasema anakwenda kumzika mama. Nimerudi kuutafuta, upo. "Mama yangu mzazi", kaandika mwenyewe. Leo mama amefufuka, haoni, na ananyang'anywa nyumba. Na mume wa mama ni "marehemu mumewe", wala siyo baba. Hadithi nzuri, lakini mngeuliza kwanza.

Mtumba Mzuri
Nilijua! Hatua kumi na nne, kasha, redio... ni mchezo wa redioni huu.

Mdigo wa Duga
Kama wa Ngamiani kweli ataje barabara ya ngapi na msikiti anaoswali. Tutamjua sasa hivi.

Binti Makorora
Ataje nyumba yenye mama asiyeona na watu mia wakijua inahamwa siku gani? Usitaje kaka.

Mwana wa Ngamiani, Jumatano
Sitataja barabara. Mama yangu mzazi nilimzika Handeni, ni kweli, na Mwanamtama umenirudisha kwenye uzi ambao sikutaka kuusoma tena. Huyu ni dada yake, mama mkubwa. Mama mzazi alikuja Tanga kujifungulia kwa dada yake, ndani ya nyumba hii, kisha akaolewa Handeni mimi nikabaki. Mama mkubwa hakujaaliwa mtoto. Alinibeba, akanipeleka shule, nguo zangu mpaka kidato cha nne zilitokana na vitumbua vyake. Mnataka nimwite nani? Kwetu dada wa mama ni mama.

Shangazi wa Raskazone
Hata kwetu. Mimi nimekuamini tangu uliponipa shikamoo katikati ya fadhaa yako.

Mwanamtama
Kama ni hivyo, samahani. Nilizika mama mwaka huo huo, ndiyo maana uzi ule niliukumbuka. Nipo na dukuduku bado, lakini samahani.

Nahodha wa Nchi Kavu
Mkuu achana na ushahidi. Umemwambia?

Mwana wa Ngamiani
Bado. Naogopa presha. Nikisema Alhamisi, Ijumaa anaondoka, itakuwa kama nimemfukuza.

Shangazi wa Raskazone
Mshtuko daktari alioukataza ni ule wa kushuka kwenye gari, mguu ukagusa kizingiti asichokijua, na sauti zote anazozijua zinamwambia karibu nyumbani. Mwambie leo, baada ya chakula, mkeo akiwepo na dawa ya presha ameshameza. Safari ya Pangani iahirishwe.

Mwana wa Ngamiani, Ijumaa usiku
Nimerudi kuleta habari, niliahidi moyoni.

Nilimwambia juzi usiku. Alikasirika. Akasema nimemficha kama anavyofichwa mtoto, hakula, na jana mchana kutwa alisema na wajukuu tu. Presha tulipima, ilipanda kidogo, haikutisha. Jana jioni akaniita, akasema nimpeleke akaishike hiyo nyumba.

Leo nimempeleka ikiwa tupu. Amezunguka na ukuta kama Nahodha alivyoeleza. Chumba kikubwa nilichomtengea amekikataa, anataka kidogo cha nyuma. Alisimama dirishani akasema kusi likianza litaingilia hapa. Kutoka hapo hadi chooni ni hatua tisa. Kamba ameikataa pia, anasema yeye si mbuzi. Badala yake tutatandika mkeka mrefu mpaka mlangoni, miguu iufuate.

Jumamosi hatuhami. Anataka hitma ya marehemu isomwe Jumapili ndani ya nyumba kabla hatujatoka, kwa hiyo ni Jumanne. Mwenye kirikuu kanielewa, kishika nafasi kipo. Kuhusu thumuni, Jumatatu tunakwenda wote wawili mahakama ya mwanzo kuuliza faili. Hakimu, swali lako nimelibeba.

Limebaki moja. Mlango wa choo unafungukia ndani, na choo ni kidogo. Alipoingia aliugonga kwa bega. Nataka ufungukie nje. Inawezekana bila kubomoa fremu?

Fundi Seremala Msambweni
Inawezekana. Fremu ya mbao au ya chuma?

Mwana wa Ngamiani
Mbao.

Fundi Seremala Msambweni
Basi rahisi. Tunatoa ile mbao nyembamba inayozuia mlango, tunaihamishia upande wa ndani, bawaba zinachimbiwa upande wa nje, komeo linageuzwa. Matundu ya zamani tunaziba na vipande vya mbao na gundi. Lakini kwa mtu asiyeona, mlango wa kufungukia nje ukiachwa nusu utamkuta koridoni usoni. Uwekewe kamba ya mpira iuvute ujifunge wenyewe, na komeo liwe la kufunguka kwa nje pia, akidondoka humo muweze kumfikia. Mwambie mwenye nyumba kwanza.

Mwana wa Ngamiani
Nimempigia, karuhusu. Njoo Jumatatu jioni tukishatoka mahakamani, ufanye mama akiwepo, aujaribu mwenyewe.